Mtoto, upinde na bata mzinga wa kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu bata mzinga wa porini wa Marekani, msimu wa majira ya kuchipua (Aprili na Mei), na mtoto wa miaka 9 hadi 15 mwenye upinde wa kapi, yaani ule wenye magurudumu mawili kwenye ncha. Mifano ya sheria ni ya jimbo la Kentucky, kwa kuwa Louisville na Lexington zina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo. Usiyabebe ukaenda nayo nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Tanzania ina leseni na taratibu zake nyingine kabisa.

Mwanangu anapiga upinde shuleni na shabaha yake ni nzuri. Kwa nini asiende na upinde huohuo?

Kwa sababu hauna nguvu. Programu ya upinde mashuleni, National Archery in the Schools Program, ilianzia Kentucky mwaka 2002, na watoto wote hutumia aina moja ya upinde, wa pauni 10 hadi 20 (pauni hapa ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wake), bila kilengeo, wakipiga umbali wa mita 10 na 15. Unatoboa karatasi vizuri. Bata mzinga dume ana kilo 7 hadi 11, manyoya yaliyopangana kama vigae, na mfupa mgumu pale bawa linapoungana na mwili. Mshale wa upinde wa shule unaweza kuingia kidogo tu, ndege akaenda nao, akafia mahali usipopajua.

Alichojifunza hakipotei lakini. Kusimama, kushika, kuachia bila kushtuka na kutii amri ya "acha" vyote anavyo tayari. Kinachobadilika ni chombo.

Pauni ngapi zinatosha?

Lenga 35 hadi 40 kwa umbali usiozidi yadi 15, yaani kama mita 14. Majimbo mengine yana kiwango cha chini kisheria, kwa hiyo soma kanuni za jimbo lako kabla ya kununua. Upinde wa vijana unaorekebishika, tuseme kutoka pauni 15 hadi 50 au 70, utamfaa miaka mitano au zaidi, na hiyo ni akiba ya maana kwa mfuko wa mzazi.

Kosa kubwa hapa hufanywa na baba, si mtoto: anaongeza pauni ili "awe na uhakika". Mtoto aliyezidiwa na upinde huunyanyua juu angani, hujipinda mgongo, huvuta kwa kujitupa, halafu hurudisha chini akitetemeka. Ndege aliye mita 8 ameshaondoka zamani. Ukiona mshale hauna nguvu ya kutosha, punguza umbali. Pauni ziache zipande polepole kadiri mabega yanavyokomaa.

Nitajuaje kwamba upinde unamfaa?

Mpe jaribio la kiti. Mkalishe kwenye kiti kifupi kisicho na egemeo, kama atakachokalia siku yenyewe. Mshale uwe mahali pake na uelekee shabaha muda wote. Avute moja kwa moja kuja shavuni bila kuunyanyua upinde, ashikilie huku ukihesabu taratibu hadi 30, kisha arudishe mbele polepole bila kuachia. Apumzike dakika moja, arudie. Mara tatu. Akishindwa ya tatu, upinde ni mzito.

Kupunguza ni rahisi: kuna bolti moja kwenye kila mkono wa upinde, juu na chini. Legeza zote mbili kwa kiasi kilekile, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ukitumia spana ya L. Mzunguko mmoja kamili huondoa kama pauni 2 au 3. Usivuke idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha upinde, kwani mkono wa upinde unaweza kuchomoka ukiwa umevutwa. Ukishabadilisha pauni, kilengeo nacho kipangwe upya.

Uzuri wa kapi ni kwamba ukifika mwisho wa kuvuta mzigo unapungua kwa asilimia 70 hadi 80. Upinde wa pauni 40 unabaki kumwelemea mtoto kwa pauni 8 hadi 12 tu. Hiyo ndiyo inayomwezesha kungoja ndege ageuke.

Kamwe asivute akaachia upote, yaani kamba ya upinde, bila mshale. Nguvu iliyokusudiwa mshale inarudi kwenye upinde, na upinde unaweza kupasuka usoni.

Urefu wa kuvuta unapimwaje? Na jicho je?

Anyooshe mikono pande zote mbili, umpime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, ugawe kwa 2.5. Mwenye inchi 55 anahitaji kama inchi 22. Pima kila msimu, maana watoto hurefuka kimyakimya.

Jicho: aunganishe viganja aache tundu dogo, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho mawili, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linalotawala, na mkono wa upande huo ndio uvute upote. Mtoto wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto ni heri afundishwe upinde wa kushoto mapema kuliko kupigana na jicho lake maisha yote.

Mishale na vigumba vya aina gani?

Mishale ya kaboni, yenye ugumu unaolingana na pauni za upinde kwa jedwali la mtengenezaji, na urefu unaozidi pahali mshale unapokaa kwa inchi 1 au 2. Mshale mfupi kupita kiasi huweza kudondoka nyuma ya kishikio na kuingia kwenye mkono. Kabla ya kila zoezi pinda kila mshale kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kuvunjika, au ukiona ufa, uvunje vipande viwili utupe. Kaboni iliyopasuka inaweza kulipuka wakati wa kuachia, na vibanzi vyake huingia kwenye kiganja.

Kigumba (ncha ya mshale) cha mtoto kiwe cha wembe usiotembea, wa makali mawili au matatu. Vile vinavyofunguka vikigonga ndege hula sehemu ya nguvu ili vifunguke, na mtoto hana nguvu ya kugawa. Kufunga na kufungua vigumba ni kazi ya mtu mzima, kwa kifunguo chake cha plastiki, si kwa vidole.

Mazoezi yachukue muda gani?

Anza miezi mitatu kabla. Mara tatu au nne kwa wiki, dakika 20, mishale isiyozidi 30. Ukimwona ameanza kuachia haraka ili amalize, funga. Mazoezi ya mtoto aliyechoka yanamfundisha makosa.

Mwezi wa kwanza akisimama, mita 5 hadi 10. Mwezi wa pili akiwa kwenye kiti. Mwezi wa tatu kila kitu kiwe kama siku yenyewe: koti lilelile, glavu zilezile, barakoa ileile. Koti lenye mkono mpana hupigwa na upote na kuutupa mshale pembeni, na barakoa huingia kati ya jicho na tundu la kulengea, yaani kile kipete kidogo kwenye upote. Mambo haya ni bora yagunduliwe uani. Wiki mbili za mwisho apige na vigumba halisi, kwa kuwa mara nyingi huruka tofauti na vya mazoezi.

Kipimo cha kwenda ni hiki: akiwa ameketi, mshale wake wa kwanza wa siku, bila kupasha misuli, uingie ndani ya duara la sentimita 10, siku tano mfululizo. Umbali anaoweza kufanya hivyo ndio umbali wake. Kama ni mita 9, basi ni mita 9.

Ampige wapi?

Tumia muda mwingi hapa kuliko pengine popote. Sehemu ya uhai, moyo na mapafu, ni kama chungwa kubwa, na iko juu zaidi na nyuma zaidi kuliko macho yanavyodhani. Dume akivimba kwa majivuno, mkia umefunguka kama kipepeo cha mkaa, nusu ya unachokiona ni manyoya matupu. Mtoto hulenga katikati ya puto hilo, au hulenga kifua kwa sababu ndicho kinachong'aa. Mshale wa kifuani hupita kwenye mnofu, ndege akakimbia nusu kilomita.

Amesimama ubavu, hajavimba: fuata mguu kwenda juu mpaka katikati ya mwili, hapo bawa linapoungana. Ubavu akiwa amevimba: shina la bawa lenyewe, si chini yake wala mbele yake. Amekupa mgongo huku mkia uko wazi: pale manyoya ya mkia yanapokutana, kwenye tundu la haja. Anakutazama uso kwa uso: asipige, angoje. Kichwa pia asahau, maana hakitulii hata sekunde moja.

Kama ni lazima akosee, afadhali akosee nyuma na chini kidogo. Mshale unaovunja nyonga au paja humzuia kukimbia na kuruka. Nunua shabaha ya umbo la bata mzinga, au chora mwili kwenye boksi, ubandike chungwa la karatasi mahali pake, kisha uligeuze boksi kila mara, na kabla hajavuta aseme kwa sauti atapiga wapi.

Kwa nini kihema cha kuotea? Hatuwezi kukaa chini ya mti?

Na bunduki mnaweza. Na upinde, kwa mtoto, karibu haiwezekani. Bata mzinga hana pua ya kutegemewa, ila macho yake yamekaa kandoni mwa kichwa, anaona rangi, na anaona karibu pande zote bila kugeuka. Kuvuta upinde ni mwendo mkubwa. Kihema kinauficha, na kinamruhusu mtoto kujikuna. Jambo la kushukuru ni kwamba ndege huyu haogopi kihema kilichotokea usiku kucha katikati ya shamba, tofauti na kulungu.

Ndani ni cheusi, kwa hiyo vaeni nguo nyeusi, zile za mabakamabaka ni za nje. Fungua madirisha ya mbele peke yake. Dirisha la nyuma likiwa wazi mnaonekana kama picha kwenye televisheni.

Sasa tatizo ambalo huharibu asubuhi nyingi: dirisha. Kilengeo kiko juu ya mshale kwa sentimita 7 hadi 10. Mtoto anamwona ndege vizuri kupitia kilengeo, anaachia, mshale unachana ukingo wa chini wa dirisha na kuingia ardhini. Kabla ya siku yenyewe, simamisheni kihema uani, apige kutoka ndani, na wewe uchungulie kwa upande kama mshale wenyewe uko huru. Hakikisheni pia kwamba mkono wa chini wa upinde haugongi goti wala kiti, na wa juu haugusi paa. Na kwa sababu hiyohiyo ya kilengeo, ndege aliye mita 3 hupigwa chini kuliko alipolengwa. Ajaribu mita 3, 5 na 8, ajue mwenyewe.

Alfajiri tundu la kulengea linaweza kuwa giza tupu hata kama nje mnaona. Kama haoni pini ya kilengeo, hapigi.

Ndege bandia tuwaweke wapi, na milio je?

Karibu kuliko utakavyotaka: mita 5 hadi 7. Dume bandia changa mmoja na jike mmoja wanatosha. Uso wa dume bandia uelekee kihema. Dume halisi huja kumkabili mwenzake ana kwa ana, kwa hiyo atasimama akiwa amewapa mgongo au ubavu, mkia wake ukimziba macho. Hapo ndipo mtoto anavuta.

Milio ifanye mtu mzima. Kisanduku cha mbao ndicho rahisi kujifunza, ila kinataka mikono miwili. Usipige kama redio. Dume akijibu na kuanza kuja, nyamaza. Rekodi za simu au spika ni kosa kisheria Kentucky na kwingineko kwingi, vivyo hivyo kumwaga mahindi ili waje na kumpiga ndege aliye bado juu ya mti alikolala.

Sheria inasema nini kwa watoto?

Kentucky ina wikiendi ya vijana walio chini ya miaka 16, inayoanza Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Ndege hawajasumbuliwa bado na msitu hauna watu, kwa hiyo ndiyo nafasi bora. Msimu wa kawaida hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na 15 Aprili na hudumu siku 23. Aliye chini ya miaka 12 hahitaji leseni. Wa 12 hadi 15 anahitaji leseni ya vijana na kibali cha bata mzinga. Mtu mzima lazima awe naye karibu. Anayeruhusiwa kupigwa ni dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana kifuani, kwa kuwa majike wachache nao huota ndevu. Ndege aandikishwe kwa simu au intaneti kabla ya usiku wa manane wa siku hiyohiyo.

Kanuni hizi hupitiwa kila mwaka. Soma mwongozo wa msimu huu wa Kentucky Department of Fish and Wildlife Resources, au idara ya jimbo lako. Kozi ya usalama ya wawindaji mchukue pamoja hata kama umri haumlazimishi.

Hatari kubwa ni ipi?

Wawindaji wengine. Kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na buluu. Mtoto asivae rangi hizo hata kwenye soksi au fulana ya ndani, wala leso nyeupe isitoke mfukoni. Mkisikia mlio wa dume msiunyatie, huenda ni mtu. Ukimwona mtu mwingine, ongea kwa sauti, usipunge mkono. Ndege aliyekufa abebwe ndani ya mfuko wa rangi ya chungwa kali.

Mshale ubaki kwenye podo mpaka mmeketi. Hata ndani ya kihema, mtoto hafungi mshale kwenye upote mpaka umwambie.

Kisha kuna kupe. Nyunyizia nguo na viatu permetrini siku moja kabla, viache vikauke, na mkirudi mkague kwapani, nyuma ya masikio na kiunoni.

Mtoto atakaa kimya kwa muda gani?

Muda wa saa mbili na nusu ni mwingi. Hakuna ulazima wa kuingia usiku wa manane. Madume wengi hubaki na majike mpaka katikati ya asubuhi, kisha majike huenda kwenye viota nao hubaki wapweke, wakija hata saa nne au saa tano. Mtoto aliyelala vizuri akaingia saa mbili asubuhi ana nafasi nzuri kuliko aliyeamshwa saa tisa usiku na kusinzia. Mpe blanketi, choo kabla ya kuingia, na chakula kisicho na karatasi ya kuchakacha. Maandazi yanafaa sana.

Amepiga. Sasa?

Wote wawili mnabaki ndani. Afunge mshale wa pili. Ndege akianguka akipapatika palepale, mtu mzima peke yake aende haraka kumdhibiti shingo kwa kiatu, akichunga vipi vya miguuni (zile kucha kali za nyuma) na zaidi kigumba: mshale uliobaki mwilini ni kisu kinachotupwa huku na huku. Mtoto asikaribie mpaka ndege atulie.

Ndege akiondoka akitembea, mabawa yamelegea, msimfuate. Angalieni alikoingia, shikeni alama ya mti au jiwe, ngojeni saa moja. Damu itakuwa kidogo, manyoya huinywa. Tafuteni kwenye vichaka, chini ya magogo, kwenye mitaro. Bata mzinga aliyejeruhiwa hujichimbia na kutulia, mtu anaweza kumpita hatua mbili.

Je, nyama yake ni halali?

Kwa hadithi inayojulikana ya Adiy bin Hatim kuhusu mawindo, kinachoruhusiwa ni kilichochomwa na makali, si kilichokufa kwa kipigo cha ubavu wa mshale. Mtoto mwenye akili ya kupambanua aseme Bismillah anapoachia. Mkimkuta ndege bado yu hai, achinjwe kama kawaida, kwa hiyo beba kisu kikali. Akiwa ametumbukia majini akafia humo, kuna shaka, na mashekhe hukataza. La undani muulizeni imamu wenu.

Akilia? Akikataa kupiga?

Upinde ushushwe, mngoje, mle maandazi. Mtoto aliyesema "hapana" ndege akiwa mita 6 amefanya uamuzi mgumu kuliko kupiga, na ukimkemea hapo utakuwa umemfundisha kupiga ili akuridhishe wewe. Machozi baada ya kupiga ni ya kawaida pia. Watoto waliozaliwa huku wengi hawajawahi kuona kuku akichinjwa. Tafuta shamba linalouza kuku hai, umshirikishe kuchinja na kunyonyoa mwezi mmoja kabla.

Nyama tuifanyeje?

Mara baada ya kumwandikisha toa utumbo na gole, weka barafu tumboni. Aprili inaweza kuwa na joto la nyuzi 20 na zaidi. Kifua na miguu vipikwe mbalimbali. Kifua hukauka haraka: kitoe kikifika nyuzi 74 za Selsiasi ndani kabisa. Miguu ya ndege aliyetembea porini maisha yake yote ina kano ngumu kama vijiti, haikubali kukaangwa. Itie kwenye supu ya tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, moto mdogo, saa tatu au zaidi, mpaka kano zichomoke zenyewe kwa kuvutwa na koleo. Kazi hiyo ya koleo mwachie mtoto.